Isale na Kitabu cha Mmarekani

Kitabu kilinuka mitumba. Aliyewahi kusimama karibu na belo linapofunguliwa anaijua harufu hiyo: dawa ya wadudu, vumbi, na kitu kama jasho la watu wa mbali lililokauka zamani. Baba yangu aliuza nguo hizo sokoni Kiboriloni, na sisi watoto wake, kule nyumbani mtaa wa Soweto, Moshi, tulinuka hivyo hivyo hata siku ya Jumapili. Mwaka ule nilipokuwa kidato cha pili alifungua belo la makoti akakuta kitabu kinene kimelala katikati yake, na nyuma ya jalada pana picha ya mzungu mwenye mvi na nyusi nene, anayetazama pembeni kama mtu aliyechoka kupigwa picha. Baba hakuwa na Kiingereza cha kusoma kitabu, lakini aliliona jina la mlima wetu kwenye jalada, akakileta nyumbani akakiweka juu ya redio. Mwezi wa Desemba tulipopanda Rombo kula Krismasi kwa babu, kijijini juu ya mji wa Mkuu, kitabu nacho kikapanda, kimefungwa pamoja na kitenge cha bibi. Babu alipoiona ile picha alikaa chini. "Ni yeye," alisema. "Huyu ndiye Mmarekani wangu."

Hakuna mtu wa ukoo wetu ambaye hakumjua Mmarekani wa babu. Kabla ya Uhuru, babu akiwa kijana ambaye hajaoa, alichukuliwa kuwa mpishi wa mwandishi mmoja aliyekuja kukaa kwenye hema juu, karibu na msitu, kiangazi kizima, akiandika. Hadithi za kiangazi hicho tulilelewa nazo. Jinsi Mmarekani alivyotaka yai lichemshwe mpaka wimbo fulani uishe, na mpishi ndiye auimbe. Jinsi alivyotoka hemani alfajiri na bunduki kwa kuogopa kelele za mbega juu ya miti. Jinsi alivyoonja mtori wa ndizi na nyama akasema ni uji wa wagonjwa, kisha akala sufuria nzima. Babu alizisimulia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, kibuyu mkononi, na majirani walicheka mpaka wakafuta machozi ingawa walizijua neno kwa neno. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka miaka hiyo, watu waling'oa mibuni wakapanda nyanya, na wengi waliokuwa na kauli kijijini walikuwa hawana tena. Babu alikuwa bado na Mmarekani wake. Kwenye harusi aliketishwa mbele kwa ajili hiyo.

Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza, nilipewa kitabu nikisome na kukitafsiri. Kila alasiri nilikaa na babu kwenye benchi la nje, bibi akimenya ndizi pembeni, nami nikipambana na ukurasa na kamusi. Tulianza na maneno ya mwanzo yaliyoeleza maisha ya mwandishi mwenyewe. Alizaliwa katika mji mdogo wa mashamba ya mahindi, mtoto wa kinyozi. Alifukuzwa chuo. Aliandika habari za ajali na mazishi katika gazeti, na kitabu chake cha kwanza, kilichohusu mama yake, kilikataliwa na kila aliyepelekewa. Baadaye mambo yakamnyookea: tuzo, wake watatu, nyumba kando ya ziwa ambayo alipokufa iligeuzwa makumbusho, na watoto wa shule nchi nzima wakisomeshwa riwaya zake. Babu alisikiliza kwa kutikisa kichwa, kama anayesikia habari za kijana aliyemlea. "Mtoto wa kinyozi," alirudia. "Mbona hakuniambia?" Kisha akauliza lile alilokuwa anangoja kuuliza. "Na mimi nimo?"

Alikuwemo. Hakuwa na jina, aliitwa mpishi tu, na kila alipotokea alikuwa anacheka. Mpishi alileta kahawa akicheka. Mpishi aliunguza mkate akacheka. Niliona aibu kidogo kwa meno yale yote, maana babu niliyemjua hakuwa mtu wa kuchekacheka hovyo, lakini nilimwambia umo, babu, kila mahali umo, naye akaenda kuwatangazia majirani. Sikuwa nimefika hata nusu ya kitabu baba alipopanda tena kutoka mjini na habari.

Lazima nimweleze baba, maana nikimwacha hivi hivi ataonekana mbaya, na hakuwa mbaya. Ilikuwa miaka ambayo biashara imefunguliwa na kila mtu Moshi alikuwa wakala wa kitu. Baba alichoka kuuza makoti ya Wazungu, alitaka kuwauzia Wazungu wenyewe mlima. Hotelini mjini alikuwa amesikia kwamba kundi la Wamarekani, wasomaji wa yule mwandishi, wanafuata njia aliyopita, na wanatafuta mtu yeyote aliyemjua akiwa hai. Baba akawaahidi mpishi mwenyewe. Kama siku ile ingekwenda vizuri wangemletea makundi mengine kila mwaka, na hilo alituambia sote, waziwazi, akiwa amesimama mlangoni na koti jipya la babu mkononi. Babu alilivaa.

Wageni walikuja siku iliyofuata Krismasi, ukoo wote na majirani wakiwa wamejaa uani. Wengi wa wageni hao walikuwa wazee, wenye viatu vizito, wapole, wanaoshangaa ndizi na ng'ombe wa ndani kwa sauti ya chini kama wako kanisani. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja mrefu, mwalimu wa chuo kikuu kwao, aliyefundisha riwaya za mwandishi yule karibu maisha yake yote. Nilimpenda mara moja. Alinisifu Kiingereza changu mbele ya watu na mimi nikavimba kichwa. Nikawekwa katikati yake na babu niwe mkalimani, nimevaa gauni langu la kipaimara, na bibi akaanza kugawa mbege.

Ndipo yule mama akatoa isale kwenye mkoba wake. Alikuwa amelikata njiani, kwenye mpaka wa kihamba, shamba la migomba la mtu, akalifunga fundo yeye mwenyewe. Akalishika kwa mikono miwili, akapiga goti mbele ya babu, akamnyooshea.

Kwa asiyejua: isale ni jani refu la kijani, tunaupanda mmea wake kwenye mipaka na kwenye makaburi ya wazee. Kwetu Uchagani aliyemkosea mwenzake akishindwa maneno hulifunga fundo jani hilo akampelekea. Aliyekosewa, hata kama ni kwa damu, hawezi kulikataa. Akilipokea amesamehe, na jambo lile halitajwi tena. Halichezewi. Mtoto akionekana analifunga fundo kwa mchezo hunyang'anywa.

 Waliokuwa wanakata nyama waliacha. Babu alimtazama yule mwanamke aliyepiga goti, akalitazama jani. Alilipokea kwa mikono miwili.

"Mmechelewa," alisema kwa Kiswahili, ili nitafsiri. "Lakini mmekuja. Nimepokea. Mimi na marehemu hatuna neno tena."

Kisha akasema yale ambayo hajawahi kumwambia mtu, wala bibi. Kule hemani saa ya Mmarekani ilipotea. Mwenyewe akasema mwizi ni mpishi wake. Nyapara akaamriwa amchape babu viboko mbele ya wapagazi wote, kaptura ikiwa imevuliwa, na Mmarekani ameketi anaangalia. Habari zikashuka kijijini. Baba yake babu, mtu mzima, akapanda hadi hemani na isale, akapiga magoti kwenye majivu ya moto kumwombea mtoto wake msamaha kwa kosa ambalo mtoto hakulifanya. Kesho yake saa ikaonekana ndani ya buti la Mmarekani. Mmarekani akacheka sana, akampa babu kopo la nyama. Babu alisimulia yote hayo akiwa ameinamisha macho, na mimi nikaona nyuso za majirani zikibadilika moja moja, zikizirudia zile hadithi za yai na mbega. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Tulikuwa tumecheka miaka yote hiyo.

Nilitafsiri. Kila kitu, pamoja na kaptura. Yule mama alikuwa bado amepiga goti, tabasamu limemgandia usoni hajui alipeleke wapi. Wenzake walitazamana. Mwishowe akainuka, akanishika bega kwa upole wa kweli. "Hapana, mpenzi wangu," aliniambia. "Nadhani babu amechanganya. Hili ni jani la kukaribisha wageni." Akafungua kitabu chake, kilichojaa alama za kalamu, akanionyesha mahali ambapo sikuwa nimefika: mzee wa kijiji anapanda mpaka hemani, anapiga magoti, anamkaribisha mgeni mlimani kwa jani lililofungwa fundo, na mgeni analichomeka kwenye kofia. Ulikuwa ukurasa mzuri sana. Aliniambia ndio ukurasa ambao wasomaji wengi huupenda kuliko yote.

Baba naye alikuwa amesogea. Alielewa Kiingereza cha kutosha kujua kwamba siku yake inaharibika. "Ndiyo, Mama," alisema haraka, kwa Kiingereza chake cha sokoni. "Ni la kukaribisha. Mzee ni umri tu. Anasahau." Akacheka. Wageni wakapumua, wakacheka naye kidogo, kwa heshima.

"Wanasemaje?" babu akaniuliza.

Nilimtazama baba. Baba akatazama ng'ombe. Nikasema wanasema kitabuni ni jani la kukaribishia wageni.

"Nani kasema?"

"Mmarekani wako, babu. Ameandika."

Babu aliligeuza jani mkononi. Kisha akasema kwa Kichagga, si kwa ajili ya mkalimani yeyote, "Baba yangu kapiga magoti kwenye majivu, yeye kaandika anakaribishwa?" Hakuna aliyewatafsiria wageni maneno hayo. Bibi alitaka kulichukua lile jani mkononi mwake, babu akakataa. Alisema likishapokelewa limepokelewa, hata kama aliyelileta hajui alicholeta. Akaingia ndani. Wageni wakaonja mbege, wakapigwa picha na ukoo, wakaondoka wakipunga mikono.

Baba alipata makundi yake. Sitasema fedha hizo zilikuwa haramu, ndizo zilizonisomesha. Babu hakutoka tena kuwasalimia, na kwenye mbege kibuyu kilipomfikia alikunywa akampa mwenzake bila hadithi. Wala hakuna aliyemwomba hadithi. Majirani walimwita Meku, yaani mzee, kama zamani, wakamkalisha mbele kama zamani, ila sasa walimpisha kwa namna ya kumpisha mgonjwa. Hilo liliniuma kuliko yote, kwamba mtu aliyeficha aibu yake maisha mazima ili awachekeshe watu, siku aliyoitua walimwacha nayo hapo chini. Alikufa mimi nikiwa chuoni.

Mwandishi yule naye hajafa kama wanavyokufa watu. Riwaya zake bado zinauzwa viwanja vya ndege. Nyumba yake ya ziwani bado inatembelewa. Na huku kwetu amefanya kubwa zaidi ya hapo: nenda leo kwenye hoteli za njia ya mlimani, utapokewa na binti mwenye sinia la juisi na isale lililofungwa fundo kwa utepe. Binti mwenyewe ni Mchagga. Ukimuuliza atakwambia ni mila yetu ya kukaribisha, na hasemi uongo, ndivyo alivyofundishwa. Baba, ambaye sasa ni mzee, niliwahi kumuuliza kwa nini alisema vile siku ile. Nilidhani atataja biashara. Alifikiri sana, akanijibu, "Wao walikuwa nayo kwenye maandishi, mwanangu. Nikaona labda sisi ndio tumesahau."

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi. Mwaka jana niliwaeleza wanafunzi wangu maana ya isale, nikijitahidi nisilie. Binti mmoja wa mbele, mwenye akili nyingi, msichana mzuri tu, alikuwa amelitafuta kwenye simu. "Mwalimu, samahani," alisema, "hapa wameandika ni la kukaribisha wageni." Hakuwa na ujeuri. Alinitazama kwa huruma, ile huruma ya kumtazama mtu mzima anayeanza kuchanganyikiwa, na nilishindwa kuendelea na kipindi. Ile sura niliijua. Uani kwa babu, nilipoinua macho kutoka kwenye ule ukurasa mzuri, mimi ndiye niliyemtazama hivyo, na yeye aliniona.