Mavumbi ya Nyuma ya Kibanda

Watu wa boti walimwita Brashi, naye akaitika. Kwa miaka kumi na moja kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: mgeni akishuka kisiwani anakalishwa kwenye benchi la kibanda, anavua viatu, na Brashi anasugua soli za viatu, anakung'uta soksi, anapekua mapindo ya suruali.

"Kaka, hata mama mkwe hakunichunguza hivi," mgeni mmoja alimwambia. Brashi alitabasamu tu, akaendelea kusugua.

Sababu aliijua. Kisiwa kile kilizuka baharini kikiwa jiwe tupu. Kila jani lilifika kwa bahati: mbegu iliyoelea miezi, iliyopeperushwa na upepo, iliyomezwa na ndege ng'ambo ikatoka na kinyesi huku. Mimea hiyo haikuzoea kugombea nafasi. Gugu geni likiingia lingeifunika yote, na ndege wanaotaga chini wangekosa pa kutaga.

Asubuhi moja mtaalamu wa mimea, binti mpole, alitoka nyuma ya kibanda ameshika gugu lenye mbegu za vindoano.

"Baba, hili limejaa mpaka mteremkoni. Mavumbi ya viatu huwa unayamwaga wapi?"

Brashi alilitazama beleshi lake. "Pale nyuma, mwanangu. Kila jioni." Akaliegemeza ukutani. "Niliambiwa nisugue. Pa kumwaga sikuambiwa."

Wala hakuuliza. Kuuliza kulimshinda tangu darasa la kwanza.

"Kikulacho ki nguoni mwako, Brashi!" nahodha wa boti alicheka. Alipoona amecheka peke yake, akaenda kukaza kamba iliyokwisha kukazwa.

"Litaisha tukiling'oa?" Brashi aliuliza.

"Tutang'oa. Ila mbegu zake hulala ardhini hata miaka ishirini."

Brashi alikuwa na hamsini na mitatu.

Alikwenda nyuma, akapiga magoti, akaanza kung'oa. Aliponyanyuka, vindoano vilikuwa vimemganda magotini, mikononi, hadi kwenye kamba za viatu. Ndege wawili wakatua kati ya magugu, wakajikung'uta. Alitaka kuwakimbilia awafukuze, lakini kila hatua ingepanda mbegu mpya.

"Shii! Shii!" alisema, kwa sauti ya mtu asiyezoea kupaza sauti.

Ndege wakaruka, vindoano manyoyani, kuelekea upande wa pili wa kilima. Brashi akabaki mguu mmoja juu, asijue aukanyage wapi.