Nilisoma Tangazo Wavuvi Wakiwa Wamelala

Nimekosa, ndugu zangu, tena kwa kinywa hiki hiki mlichokuwa mkikiamini. Msinitafutie jina. Mimi ni msoma matangazo wa redio moja hapa Kalemie.

Kwetu tangazo la maana husomwa saa kumi na moja jioni. Saa hiyo wavuvi wanatayarisha taa zao, wanawake wanapika, redio inaongea. Asubuhi nani atakusikiliza? Wanaume wamelala baada ya kuvua usiku kucha, wanawake wako mchangani wanaanika ndakala, dagaa wa ziwa letu.

Basi kampuni moja ya madini ikataka ufuko wa kijiji nilikozaliwa, ijenge bandari yake. Ilipaswa kwanza kutangaza mkutano, mwenye kupinga aje aseme. Mtu wao, mpole kupita kiasi, akaniletea karatasi.

"Papa, usome asubuhi tu."

Nikashuku. "Mbona si jioni?"

"Sheria inasema itangazwe. Saa, haisemi." Akacheka.

Hila niliiona, jamani! Lakini mafuta ya jenereta ya redio yalitoka kwao, na nyumba yangu walikuwa wameiezeka mabati mapya. Nikasoma asubuhi.

Mkutanoni walijaa watu wasiojulikana, wamevaa fulana za kampuni. Wakapiga makofi.

Kisha ikaja karatasi ya pili: wakaaji wamekubali. Hiyo, eti, isomwe jioni! Nikaisoma. Kijiji kizima kikasikia kwa sauti yangu kwamba kimekubali.

Mdogo wangu wa kike, anayelea watoto wake kwa kuanika ndakala pale pale, alikuja hadi redioni. Hakupiga kelele. Heri angepiga!

"Yaya," akaniita, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "saa yetu ya kulala wale bantu wa kampuni waliijulia wapi? Weye njo uliwaambia?"

Naapa sikuwaambia! Lakini nani ataniamini? Hata mimi sijui nani aliwaambia, na kila anayenisalimia kwa upole sasa namshuku.

Ufuko una uzio. Mwezi uliopita nilisoma tangazo la msiba wa mama yetu mdogo, aliyefia hapa mjini. Kijijini walituma kwanza mtu aje ahakikishe kama kweli amekufa. Mdogo wangu alipofika, tulikuwa tumeshazika. Alikaa kaburini peke yake, akakataa hata maji yangu.

Enyi wenzangu wa redio, atakayewachagulia saa ya kusema, mkimbieni! Na ninyi wasikilizaji, mkisikia mmekubali jambo, ulizaneni kwanza ni nani kati yenu alikuwepo.