Bawa Moja, Watu Wawili

Jina la Mwalimu Breki halikutoka kwa mama yake. Lilitoka kwa wanafunzi wake wa udereva, na sababu ilikuwa mguu wake wa kulia. Gari la kufundishia lina breki ya pili upande wa abiria, na mguu ule ulikuwa umekaa juu ya breki hiyo miaka mingi mno, hata ukasahau kwamba kuna mahali pengine pa kukaa. Mtu akisimulia habari ya kutisha mezani, Mwalimu alikanyaga sakafu. Kwenye harusi moja mshereheshaji alijikwaa kwenye waya wa kipaza sauti, na Mwalimu akakanyaga kidole cha bibi aliyeketi karibu naye. Bibi wa watu aliondoka kabla ya keki.

Mkewe alishona mapazia. Sebule yao ilikuwa nusu ya kuishi, nusu ya kazi: cherehani chini ya dirisha, majora ya vitambaa yameegemea ukuta, na pini kila mahali, hasa pale mtu anapotaka kuketi. Walikuwa wamezaa mapacha, basi yeye akawa Mama Mapacha na mumewe Baba Mapacha, na wakaendelea kuitana hivyo hata baada ya mapacha wenyewe kuoa na kuhama. Na huyu mke wa mwalimu wa udereva hakujua kuendesha gari. Kinyozi hajinyoi. Alijaribu siku moja, zamani, lakini mumewe alikanyaga breki mara nyingi sana kabla hawajatoka getini, mke akashuka, akarudi zake kwenye cherehani. Tangu hapo alipelekwa. Sokoni alipelekwa, kwa wateja alipelekwa, msibani alipelekwa. Mwalimu, tumpe haki yake, hakuwahi kununa kwa kumpeleka. Wala hakuwahi kumuuliza kama anataka kupelekwa.

Nje ya mji wao kulikuwa na bwawa kubwa lenye upepo wa uhakika, na kando yake klabu ya watu wanaoteleza majini kwa ubao wenye tanga. Daktari alikuwa amemwambia Mwalimu atafute mazoezi, Mwalimu akaenda huko, na kwa kuwa alikwenda na gari, mke naye alipelekwa. Msimu mzima walijifunza kwenye mbao za kawaida za klabu. Wote wawili wakaweza, na wote wawili wakaanza kuwatazama wenzao wa foili kwa jicho la wivu.

Foili ni kitu cha ajabu kidogo. Chini ya ubao hufungwa nguzo ya chuma, ndefu kama mguu wa meza, na mwisho wa nguzo hiyo, ndani ya maji, kuna bawa kubwa mbele na kibawa kidogo nyuma. Upepo ukisukuma tanga na ubao ukapata kasi, bawa lile hupandisha vyote juu: ubao, tanga na mwenye ubao. Ukimwangalia kutoka ufukweni unamwona mtu amesimama hewani, anapita kimyakimya, kama vile maji hayamhusu. Daktari wa meno wa mtaani kwao alikuwa nayo. Alipohamia mji mwingine akawaachia ubao, tanga na nguzo, lakini bawa la mbele hakuwaachia, kwa sababu alikuwa amelivunja kwenye jiwe. Kilichobaki ni kununua bawa, na mfuko wao uliruhusu moja tu, wapokezane.

Mwalimu alifanya kosa la kumwambia dada yake kwenye simu. Yeye alisema "bawa", dada akasikia "bwawa". Kabla jua halijazama ukoo mzima ulijua kwamba Mwalimu Breki ananunua bwawa la kuogelea.

"Wifi, mmepata mmenyamaza!" dada mtu alimlalamikia Mama Mapacha. "Sisi tutasikia kwa majirani?"

"Ni bawa, wifi. Bawa."

"Ndiyo, bwawa. Lina kina gani? Maana mimi na watoto hatujui kuogelea."

Baba mdogo mmoja alipiga simu kupongeza, akauliza kama limewekwa vigae. Mama Mapacha aliwaeleza wote mmoja mmoja, akachoka, wa mwisho akamwambia aje na taulo.

Jumamosi wakaenda dukani. Muuza duka alikuwa kijana mwembamba, na bahati mbaya alikuwa amejifunza udereva kwa Mwalimu.

"Mwalimu! Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Bado unakata kona bila kuwasha taa?"

"Nimeacha, Mwalimu," alisema muuza duka, na macho yakasema bado. Akapanga mabawa juu ya kaunta, meusi, yanang'aa, akaanza kueleza. Bawa kubwa humwinua mtu mzito hata kwa upepo wa kupooza chai, ila mwendo wake ni wa bwana harusi. Bawa dogo lina mbio, lakini haliinuki mpaka lipate kasi, na mtu mzito kasi hiyo haipati. Halafu mtu mwepesi akipanda bawa kubwa siku ya upepo mkali, linamyumbisha, halimsikilizi. "Kwa hiyo jambo la kwanza ni uzito. Mama una kilo ngapi?"

"Hamsini na nane," alisema Mama Mapacha.

"Na Mwalimu?"

Mwalimu alikuwa na kilo tisini na sita. Alikuwa anazijua, daktari alikuwa amezisoma kwa sauti. Lakini mbele yake alisimama kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kutaja ukweli kwa askari, na kifua chake kikajaa, na tumbo likaingia ndani kwa kadiri lilivyoweza.

"Sabini na nane," alisema.

Mama Mapacha aliinua kichwa, akaanza kuangalia kamba za rangi kwenye rafu ya mbali. Muuza duka alimtazama Mwalimu kutoka shingoni hadi kwenye mkanda. Lakini nani atamwambia mwalimu wake kwamba hesabu yake si sahihi? "Basi mnakaribiana," alisema polepole. "Elfu moja na mia tatu litawafaa wote." Hizo ni sentimita za mraba, ndivyo mabawa yanavyopimwa. Lile la elfu mbili, ambalo lingemfaa Mwalimu wa kweli, alilirudisha juu. "Lisipowafaa nileteeni kabla ya mwisho wa mwezi, nitabadilisha. Mradi lisiwe na mkwaruzo."

Usiku uleule Mama Mapacha alichukua kipande cha mahameli kilichobaki kwenye pazia la ukumbi fulani, akalishonea bawa mfuko wenye bitana na kamba ya kuvutia. Mwalimu akausifu. Mtu mwenye akili angejiuliza mfuko ule ulikuwa wa nani.

Bwawani, Mwalimu alitangulia, maana ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba. Akavuta tanga, akaenda. Akaenda tena. Ubao ulikata maji kama jembe, povu mbele, povu nyuma, wala haukunyanyuka hata upana wa kidole. Alirudi akasema upepo ni mdogo. Mama Mapacha akapanda kwa upepo uleule mdogo. Akaanguka, akapanda, akaanguka, na mara ubao ukaacha maji, na yeye akawa juu, macho yamemtoka.

"Vizuri sana!" alipiga kelele Mwalimu kutoka ufukweni, kwa sauti ya mtu anayeumwa jino.

Wiki iliyofuata kosa lilikuwa la tanga. Baadaye likawa la majani ya majini, kisha la mafundo aliyofunga mkewe. Halafu ikaja siku ya upepo wa kweli, na bawa likamwinua hata Mwalimu Breki na kilo zake zote, za kutajwa na za kufichwa. Alipojiona yuko hewani alishtuka, na akishtuka mnajua anafanya nini. Mguu wa kulia, uliokuwa nyuma, ukakanyaga kwa nguvu zote. Sasa kwenye foili mguu wa nyuma hausimamishi kitu. Ukiukandamiza, pua ya ubao hupanda juu. Ubao ulipanda kama farasi aliyeona nyoka, Mwalimu akaruka kinyumenyume, akatua kwa makalio, na klabu nzima ikasikia.

"Umepiga breki, Baba Mapacha?" aliuliza mkewe alipomfikia, amejitahidi sana asicheke.

"Sijapiga breki. Nimeteleza."

Siku za mwezi zikawa zinayoyoma. Mwalimu alihesabu upande mmoja aibu ya kutaja kilo zake mbele ya mwanafunzi, na upande mwingine maisha mazima ya kulima maji huku mkewe akipita juu yake. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na yeye alikuwa ameuficha wa kilo kumi na nane. Hatimaye akakata shauri, akamwambia mkewe wapitie dukani kwanza kabla ya kwenda bwawani. Hakumwambia kwa nini. Njiani Mama Mapacha alikaa na mfuko wa mahameli mapajani, ameushika kwa mikono miwili.

Dukani Mwalimu alikohoa. "Nimekuja kubadilisha. Nipe lile la elfu mbili."

"Hili lina shida gani, Mwalimu?"

"Halina shida. Shida ni..." Akaitazama mizani ya kupimia mizigo iliyokuwa chini karibu na mlango. Akavua viatu, akapanda. Mshale ukaenda, ukafikiri, ukaganda kwenye tisini na saba.

"Moja ni ya nguo," alisema Mwalimu.

Muuza duka, kijana mwenye adabu zake, alimeza kicheko kizima bila maji. Akapanda ngazi, akateremsha bawa kubwa, akalilaza kaunta. "Hakuna tabu kabisa. Mama, nipe hilo nilikague kama halina mkwaruzo."

Mama Mapacha hakuutoa mfuko.

"Mama Mapacha, mpe," alisema Mwalimu kwa upole. Alijua ametia aibu, akadhani mkewe ameduwaa kwa uongo wake. "Nilidanganya, mke wangu. Sikuwa na sabini na nane."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Suruali zako anapanua nani kiuno? Kila mwaka natoa mshono, narudishia, nazitundika kabatini. Wewe unavaa, unajitazama kwenye kioo, unasema hujabadilika."

Mwalimu alishuka kwenye mizani. "Ulijua, ukanyamaza? Umeniacha nilime maji mwezi mzima, watu wananicheka?"

"Nilinyamaza." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka. "Baba Mapacha, kitanda chetu tulikichagua kwa sababu miguu yako ilikuwa inatoka nje. Kochi lile, nikikaa, miguu yangu haigusi chini. Meza ya kukatia vitambaa, seremala aliipima kwa kiuno chako, na anayekata ni mimi. Nakata nimesimama juu ya kigoda. Sikulalamika, sivyo? Siku ile ulipotaja sabini na nane nikasema moyoni, leo kimepatikana kitu cha kipimo changu, tena kwa ulimi wako mwenyewe. Nikanyamaza. Kama ni vibaya, basi nimefanya vibaya. Lakini sitaki kulirudisha."

Muuza duka aliona ni wakati mzuri wa kuhesabu skrubu, akainamia droo, akazihesabu kwa bidii.

Mwalimu alifungua mdomo ajitetee, utetezi haukuja. Kilichokuja ni kile kigoda. Alikuwa amekiona kila siku chini ya ile meza. Alikwisha kujikwaa nacho, alikwisha kukigombeza, na hata siku moja hakujiuliza kinafanya nini pale. Aibu ya mizani ilikuwa ndogo, ya kuchekwa na kusahauliwa. Hii ilimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni, ikakaa. Alivaa viatu taratibu, akafunga kamba, akafungua, akafunga tena.

"Rudisha lile kubwa juu," alimwambia muuza duka.

"Kwa hiyo Mwalimu hachukui...?"

"Nitachukua siku nyingine, Mungu akijalia. Hili ni la Mama."

Garini Mwalimu aliendesha, macho barabarani. Hakuwa amekasirika tena. Alikuwa anaogopa kwamba akifungua mdomo atatafuta sifa kwa alichofanya, na safari hii alitaka kujizuia.

Bwawani upepo ulikuwa unavuma sawasawa, wa kumtosha mtu mwepesi. Mwalimu alimbebea ubao hadi majini, akakaza skrubu za bawa, akarudi nyuma. Mama Mapacha akavuta tanga. Akainuka karibu mno na ufukwe, akapita mbele ya watu wa klabu, hakumtazama yeyote. Kisha, badala ya kugeuza pale ambapo siku zote waligeuza, akaendelea. Akawa mdogo, tanga likawa kama kitambaa cha mkononi, na Mwalimu akasikia kicheko kimekuja juu ya maji, kicheko cha mkewe, ambacho hakikuwa na habari naye hata kidogo. Kilimuuma. Kilimfurahisha pia, na hakujua kipi kimetangulia.

Ng'ambo ya bwawa hakuna barabara. Kuna vichaka na ukingo wa mchanga, na gari halifiki. Mama Mapacha alishuka huko, akalaza tanga, akakaa chini. Mwalimu aliwasogelea wenzake akauliza kama yuko salama, wakamwambia yuko salama, amekaa tu. Akauliza tena. Akatembea huku, akatembea kule, akashika funguo za gari na kuzirudisha mfukoni. Mwanamke ambaye yeye alimpeleka kila mahali katika maisha yao alikuwa amekwenda mahali ambapo yeye hawezi kumfuata, na hakuna la kufanya ila kumngoja. Akakaa kwenye mchanga, akamngoja.

Alirudi jua likiwa limeanza kulegea, amelowa, midomo imekauka, uso unawaka. Mwalimu aliingia majini na viatu vyake kumpokea ubao.

"Umekaa sana," alisema. "Kule kuna nini?"

Mama Mapacha alikamua ncha ya nguo yake, akafikiri kidogo, akatabasamu.

"Sikwambii," alisema, akaomba maji ya kunywa.