Ngumi ya Baba Mkwe Dirishani

Katika mimba yangu ya pili, ugali wangu wa mchana ulipimwa kwa ngumi ya mwanamume ambaye sikuruhusiwa kumtazama usoni.

Mambo yalianzia kliniki. Mimba ya kwanza sukari ilinipanda, mtoto akakua kupita kiasi tumboni, akanasa bega wakati wa kuzaliwa. Binti yangu alipona, lakini mkono wake wa kulia hadi leo unaishia kifuani, haupandi zaidi. Safari hii nilikwenda mapema, naogopa kweli kweli, na nesi akanipa masharti: soda basi, chai bila sukari, mboga za majani nusu sahani, maharage, kutembea baada ya kula, na ugali usiozidi ngumi.

Mume wangu alikuwa akiendesha lori kutoka Tunduma kwenda Zambia, kwa hiyo nilikaa kwa wazazi wake, Mbozi. Nikamweleza mama mkwe masharti yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akashika moja.

"Ngumi ya nani?"

"Yangu, mama."

Akaushika mkono wangu, akaugeuzageuza kama anachagua viazi sokoni. "Hii? Hii ya kulishia kifaranga. Mtoto ni wa ukoo wetu, atapimiwa ngumi ya ukoo wetu."

Baba mkwe alichimba dhahabu Saza ujana wake wote kabla ya kurudi kwenye kahawa. Ngumi yake ilikuwa kubwa kuliko kichwa cha binti yangu alipozaliwa, na huyo, kama nilivyosema, hakuwa mtoto mdogo.

Tena kwao baba mkwe haingii jikoni akiwemo mke wa mwanawe. Mama mkwe alipata ufumbuzi siku hiyohiyo. Saa saba mchana mzee aliitwa kutoka shambani, akasimama nje ya jiko, akapitisha mkono dirishani hadi kwenye kiwiko. Mimi nikageukia ukutani. Ngumi ikatua mezani, na mama mkwe akafinyanga ugali pembeni yake mpaka vikalingana.

"Tayari?" mzee akauliza kutoka nje.

"Bado. Usilegeze."

Ikawa hivyo wiki tatu. Majirani waliopita walimsalimia mzee na mkono wake dirishani, naye akaitikia kwa heshima zote. Nilikula robo, nikijificha kuwamwagia kuku uliobaki. Kuku wakanenepa, wakaacha kutaga, na mama mkwe akawalaumu majirani kwa kijicho. Nilicheka, lakini nilikuwa na hasira vilevile. Kuna siku njaa ilinizidi nikamaliza sahani nzima, kisha nikamtazama binti yangu akihangaika kuvaa gauni kwa mkono mmoja, nikajichukia.

Siku moja mzee alikwenda mnadani. Mama mkwe akasimama mbele ya sufuria, hajui aanzie wapi. Binti yangu akasogea mezani.

"Bibi, pima na mimi. Na mimi ni wa ukoo."

Akanyanyua mkono wa kulia. Ukafika kifuani, ukagoma. Akausukuma kwa wa kushoto, kama alivyozoea, mpaka ngumi ikakaa karibu na sahani.

"Mkono huu ulifanyaje hasa?" mama mkwe akaniuliza. Miaka minne alikuwa akisema ulipigwa na baridi.

"Alinasa, mama. Alikuwa mkubwa mno. Sukari yangu ndiyo iliyomkuza."

Mama mkwe akachukua mwiko. Alikata ugali kwa ngumi ile ya mtoto. Nikamwomba aongeze hadi yangu, akakataa, ikabidi sasa tubishane kinyumenyume.

Sukari ilipimwa tena na tena, haikupanda. Mtoto alipozaliwa, mama mkwe hakuuliza ni wa kike au wa kiume. Alifunua kitenge, akauinua mkono wa kulia mpaka sikioni, kisha wa kushoto. Akarudia wa kulia.

"Inainuka yote," akasema, akakaa chini, akalia.