Kalamu Tisa za Karani Mughwai

Ilongero imewahi kuwa na watu wa kila namna. Kuna aliyempiga chui kwa rungu, kuna aliyekunywa pombe ya uwele siku mbili bila kukaa chini, na kuna mmoja aliyebishana na bwana shauri wa wilaya juu ya jogoo mpaka bwana shauri akaenda zake. Hao tuwaache, wana wajukuu wa kuwasifu. Anayestahili kuandikwa ni Paskali Mughwai, karani wa baraza, kwa kuwa yeye alipigana na kalamu yenyewe, na wanaodhani hivyo ni vita vidogo hawajawahi kuingia dukani na hela mfukoni.

Miaka ile Mwingereza bado ametushikia funguo, na baraza letu lilikuwa chumba kimoja chenye meza moja. Mezani ndipo alipokaa Paskali, mwembamba, shati limepigwa pasi ya mkaa, akiandika kesi za mashamba yaliyoingiliwa na ng'ombe. Mwandiko wake! Herufi zilisimama mstarini zote zimeinama kidogo upande mmoja, kama watu wanaosikiliza habari dirishani. Mzee mmoja wa Mtinko alipigwa faini ya mbuzi wawili, akaomba aione ile hati. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Bwana karani," akasema, "nipe na mimi moja nikaitundike nyumbani. Mbuzi watazaliwa wengine, lakini jina langu halijawahi kuandikwa hivi."

Akapewa. Mjini Singida kwenyewe hapakuwa na karani wa kumfikia, na wasomi wa siku hizi wenye vyeti vyao virefu waandike kwanza herufi moja kama zile ndipo waje tuzungumze.

Sasa, serikali ilimpa kalamu ya kuchovya, ile inayotema wino kama mtoto anayekataa dawa. Paskali akavumilia miaka miwili, kisha akaenda mjini kwa baiskeli, katika duka la Mhindi mmoja aliyeitwa Jivanji, akanunua kalamu ya kujaza wino, nyeusi, kwa shilingi kumi na mbili. Kwa kalamu hiyo hakuna wa kumlaumu. Ya pili, ya kahawia, aliinunua kwa sababu ya kwanza ingeweza kuugua, na sisi tunajua kwamba mwenye ng'ombe mmoja hana ng'ombe, ana mgeni. Ya tatu ilikuwa ya wino mwekundu. Ya nne sababu yake haijulikani, hata yeye hakuijua. Ilikuwa na rangi ya ziwa Singidani mvua ikishapita, na Jivanji alikuwa ameiweka juu ya kaunta mahali jua la asubuhi linapoingia. Basi.

Mkewe Klara hakusoma shule, lakini angeweza kulitazama kundi la mbuzi arobaini likipita akakwambia ni nani amebaki porini. Kalamu nne katika mfuko wa shati hazikumpa shida kuzihesabu.

"Baba Cecilia, una mikono mingapi ya kuandikia?"

"Mmoja, mama."

"Na kalamu?"

"Hizi ni za kazi."

"Jembe nalo ni la kazi. Ninalo moja, na mpini wake nimeufunga kwa ngozi."

Klara hakuwa amemaliza. Zizini mwao palikuwa na mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, zawadi ya mjomba wake Klara. Tangu binti yao Cecilia alipoanza darasa la pili, boma zima lilijua kazi ya mtamba huyo: siku mtoto atakapofaulu darasa la nne, atauzwa, na Cecilia aende shule ya bweni ya masista. Wasichana waliokwenda huko walihesabika kwa vidole, tena vidole vikabaki. Klara alikuwa akimwita mnyama yule "shule yangu inayokula majani."

"Mshahara wako ni wako," akasema. "Lakini mshahara ukiisha, jicho la mtu huhamia zizini. Kalamu nyingine isiingie humu ndani."

"Haitaingia," akasema Paskali, akaapa.

Na kiapo hicho alikitunza kama Mkristo. Kalamu haikuingia.

Ili uelewe alivyofanya, ujue kwanza namna sisi tunavyofuga. Mtu wa kwetu mwenye ng'ombe kumi, ukienda kwake utawakuta watatu, na watatu hao wamekonda. Wengine wako kwa rafiki yake, kwa shemeji yake, kwa mtu aliyekula naye jandoni. Ugonjwa ukija haumalizi wote, na jicho la jirani halipati pa kutua. Mfugaji anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na siku ya kumrudisha mfugaji hapewi mkono mtupu. Hayo ni makubaliano ya wanaume, hayaandikwi popote, na hayajawahi kupotea.

Paskali aliponunua ya tano, ya buluu yenye kishikizo cha shaba, hakuenda nayo nyumbani. Alikwenda nayo kwa Ignas, katekista.

"Mwalimu Ignas, nimekuletea mtamba."

Ignas akatoka nje kumtafuta mtamba. Akarudi.

"Yuko wapi?"

Paskali akaichomoa kalamu. "Huyu. Umfuge. Mali ni yangu, maziwa ni yako."

Ignas akacheka mpaka akaegemea mlango, lakini akaipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa maneno yale yakishatamkwa mtu hawezi kuyakataa. Ya sita ikaenda kwa Laurian, dresa wa zahanati. Ya saba ikaenda kwa mwalimu wa shule Mtinko, ya nane na ya tisa kwa binamu zake wawili upande wa Mandewa. Kila Jumapili, baada ya misa, Paskali alipanda baiskeli akaenda kukagua mifugo yake. Aliifungua kila kalamu, akatazama nibu, ile ncha ya kuandikia, kama mtu anavyotazama meno ya ng'ombe, akaiosha kwa maji ya uvuguvugu, akaandika mstari mmoja, akamkabidhi mfugaji. Nyumbani alirudi anapiga mluzi. Klara akauliza Jumapili hizi zina nini siku hizi.

"Natembelea wagonjwa," akasema. Laurian ni dresa, kwa hiyo si uongo mtupu.

Hesabu yake ilikuwa safi kabisa, ila alisahau jambo moja ambalo mchungaji wa miaka saba asingelisahau. Mfugaji mwenye adabu, ng'ombe akikamuliwa vizuri, hupeleka kibuyu cha samli kwa mke wa mwenye mali. Hapeleki kwa mwanamume, hupeleka kwa mama wa boma. Na Ignas alikuwa mtu wa adabu. Kwa kalamu ile ya buluu alikuwa akiwaandikia wazee barua za kwenda kwa watoto wao walioko kwenye mashamba ya mkonge Tanga, na wazee wakamlipa mayai na kuku. Basi siku moja ya kazi, Paskali akiwa barazani, mke wa Ignas akafika kwa Klara na kuku wawili.

"Mwalimu amesema hii ndiyo samli ya ile kalamu."

Klara hakuwa na habari ya kalamu ya tano, lakini akawapokea kuku. "Mwambie tumepokea," akasema. "Na mtamba hajambo?"

"Hajambo, anakamulika."

Baada ya mwezi zikaja karanga kutoka kwa Laurian. Klara akapokea, akashukuru, wala hakumwambia mumewe neno. Kuku walitaga, vifaranga vikakua, vingine vikaenda mnadani, wakarudi mbuzi wawili wa madoa. Paskali alikula mayai yale asubuhi nyingi, akawasifu kuku.

Ikapita miaka miwili, Cecilia akafaulu. Barua ya masista ikaja pamoja na orodha ya vitu, na ada ilikuwa shilingi sabini. Alfajiri ya siku ya mnada Klara akamfungua mtamba mwekundu, ambaye sasa alikuwa na pembe nzuri, akampa Paskali kamba mkononi.

"Kaka yangu angeweza kumpeleka," akasema, "lakini nenda wewe."

Akaenda kwa miguu hadi mjini, mtamba mbele, fimbo begani. Kufikia saa sita alikuwa amemuuza kwa shilingi tisini na sita, bei ambayo hakuna mtu aliyeipata siku ile, na wachuuzi waliombembeleza apunguze waliondoka wamechoka wao. Hela akaifunga kwenye leso, leso akaiingiza ndani ya shati, akaenda kwa Jivanji kununua vitu vya orodha.

Na pale, kwenye kisanduku kilichotandikwa kitambaa cheupe, ilikuwa imelala ya kijani. Kijani cha uwele unapoanza kubeba, na pete mbili za dhahabu kiunoni. Paskali akaiona kabla hajamsalimia mwenye duka.

"Hiyo ni shilingi themanini na tano," akasema Jivanji, "lakini wewe ni mtu wangu, karani. Lipa arobaini leo, nyingine mwisho wa mwezi na mwezi ujao."

"Sikuja kwa hiyo. Nimekuja na orodha ya mtoto."

"Kuishika hakuna bei."

Akaishika. Ilikuwa na uzito wa kitu kilicho hai. Jivanji akaleta blanketi, Paskali akaweka alama kwenye orodha kwa ile kalamu ya kijani. Ikaja sahani ya bati, akaweka alama. Sanduku, alama. Nibu ilipita juu ya karatasi kama mafuta, na kila alama ikawa nzuri kuliko ile ya juu yake. Moyoni akaanza kupiga hesabu. Masista ni watu wa Mungu. Ukiwapelekea thelathini sasa na arobaini baadaye, watamfukuza mtoto? Hawatamfukuza. Je, wakimfukuza? Basi atarudi mwaka ujao, mwaka si mrefu. Alijisikia mwenyewe akiwaza hivyo, na kalamu hakuiweka chini.

Akafika kitu cha mwisho. Sista alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mdogo: kalamu moja ya wino.

Jivanji akakisoma akiwa amepindua shingo, akatabasamu. "Unaona? Hata masista wanaiomba. Si wewe unayenunua, ni shule."

Pale ndipo thamani ya Mughwai ilipoonekana. Kisingizio kilikuwa kimeletwa mlangoni, halali, kina sahihi ya sista. Angeweza kurudi nyumbani akamwonyesha Klara orodha, na Klara asingekuwa na la kusema. Akaitazama ile karatasi. Kalamu moja. Akawaza ya Ignas, ya Laurian, ya Mtinko, mbili za Mandewa, na nne zilizokuwa mfukoni mwake wakati ule ule, zikimchoma kifua. Mtu mwenye ng'ombe tisa amesimama sokoni akimnunulia mwanawe maziwa ya mkopo.

Akaweka alama mbele ya kitu cha mwisho, alama nzuri kuliko zote.

"Hiyo ipo nyumbani," akasema. Akaipangusa kalamu kwa kitambaa, akailaza kisandukuni, akafunga kifuniko mwenyewe.

Tunaimba nyimbo za walioua simba. Simba ukimkimbia anakufuata. Dukani ukitoka, miguu yote miwili inataka kurudi, na Paskali alitembea na sanduku kichwani mpaka Ilongero bila kugeuka.

Njiani alipita kwa wafugaji wake, mmoja hadi mwingine, isipokuwa wale wa Mandewa ambao aliwafuata kesho yake. Jioni ya siku hiyo ya pili akazipanga kalamu zote tisa juu ya mkeka, mbele ya mkewe na binti yake, na shilingi sabini za ada pembeni.

"Mama Cecilia," akasema, "nilikuwa na nyingine tano. Zilikuwa kwa watu."

Klara akazitazama. "Ya Laurian imekwaruzwa," akasema. "Alisema imeanguka mara moja tu."

Klara akaingia ndani, akatoka na kopo la majani ya chai, akalimimina: shilingi arobaini na moja. "Samli ya kalamu zako. Miaka miwili unakula mayai yake na kuyasifu. Na mbuzi wale wawili wa madoa ulidhani wametoka wapi?"

"Ulijua? Na bado ukanipa kamba ya mtamba?"

"Kaka yangu angeileta hela yote," akasema Klara. "Hilo ningelijua hata nikiwa nimelala. Wewe ndiye niliyetaka kukujua."

Cecilia akaambiwa achague. Hakuchukua ya buluu wala ile yenye rangi ya ziwa. Alichukua nyeusi, ya kwanza, ambayo nibu yake ilikuwa imelika kufuata mwinamo wa mkono wa baba yake. Paskali akaitoa kwa mikono miwili.

"Mali ni yangu," akasema, "maziwa ni yako."

Nyingine aliwarudishia wafugaji, safari hii mkewe akiwa shahidi. Na kila alipokwenda mjini aliingia kwa Jivanji, akaifungua ile ya kijani, akaikagua nibu, akaifunga, akatoka. Alifanya hivyo miezi saba, mpaka ikanunuliwa na mtu mwingine.

Barua ya kwanza ya Cecilia ilikuja kabla ya mavuno, nayo ilielekezwa kwa mama yake, kama inavyotakiwa samli ielekezwe. Kwa kuwa Klara hakujua kusoma, karani wa baraza akaketi kwenye kigoda akamsomea. Herufi zilikuwa zimesimama mstarini, zote zimeinama kidogo upande mmoja. Akasoma salamu, akasoma habari za uji na za baridi, kisha akaanza kuikunja karatasi.

"Endelea," akasema Klara.

"Imeishia hapo."

"Naona mistari mingine miwili."

Paskali akakohoa, akasoma: "Mama, baba akienda mjini mpe hela ya nauli tu, na umwombe apite njia ya nyuma ya duka."

Klara akacheka mpaka akashika ubavu. Paskali hakucheka. Aliisogeza barua kwenye mwanga, akaitazama herufi moja moja, taratibu.

"Tazama hii B," akasema. "Hakuna karani anayeandika B ya namna hii."