Makala Iliyobaki na Jina Langu

Ukurasa wa kwanza wa makala ya mdogo wangu umekaa kwenye mlango wa friji yangu hapa Rågsved, Sweden, miaka mingi, hadi karatasi imegeuka rangi ya chai. Makala yenyewe siielewi. Niliacha shule nikiwa darasa la sita, mwaka walipofariki wazazi wetu kule kwetu Uvira, nami ndiye niliyekuwa mkubwa. Najua tu kwamba inahusu homoni ya tezi ya shingo na jinsi seli inavyoipokea. Najua pia kwa nini aliichagua: mama alikuwa na rovu, na hata kwenye joto kali alikuwa akilificha kwa kitenge.

Niliibandika pale kwa sababu ina jina langu.

Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Tulipofika Sweden nilikuwa na miaka kumi na tisa, yeye tisa. Afisa akauliza jina la familia. Niliogopa kwamba tukiwa na majina tofauti watasema huyu si mdogo wangu, wampeleke kwa watu wengine. Nikajibu haraka kwamba jina langu ndilo letu sote wawili. Akaandika. Ndivyo mdogo wangu alivyosoma shule, kisha chuo, kisha akaingia maabara, akiitwa kwa jina ambalo bibi alinipa mimi.

Alipopata uraia, makala ile ikiwa imeshachapishwa, nilimwomba achukue jina la baba, lisipotee duniani. Ila nilimkataza kumweleza mtu yeyote habari za lile la kwanza. Nilisema, "Wakijua nilidanganya, watafungua faili letu upya." Aliahidi, nami nikasahau.

Mwezi wa tatu mwaka huu alikuja kwangu Jumapili baada ya ibada. Nilikuwa nimeinjika sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Akakaa mezani na kompyuta yake, uso umemshuka. Mkataba wake chuoni ulikuwa unaisha, na nafasi moja tu ya kudumu ilikuwa imetangazwa. Asipoipata, angelazimika kuacha utafiti au kuhamia nchi nyingine.

"Wataangalia nini?" nikamuuliza.

"Mengi. Mojawapo ni mara ngapi watafiti wengine wametaja kazi zangu kwenye kazi zao. Ni hivi, yaya." Yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa kwetu. "Ni kama sombe yako. Kila mama wa kanisani anayeipika aseme ameitoa kwako."

"Wale? Wanaiba tu, hawasemi!"

"Basi wewe hujatajwa hata mara moja. Pole sana, profesa."

Tulicheka. Kisha akanionyesha hesabu yake, akasema ni ndogo, wenzake wamemwacha mbali.

"Na ile ya kwenye friji imo?"

Akageuka kuitazama friji. "Ile haimo. Kompyuta inadhani ni ya mtu mwingine. Mtu mwenye jina lako."

"Na huyo mtu anatajwa?"

"Kuliko zote nilizoandika baadaye ukizijumlisha. Japani, Brazili, kila anayechunguza jambo lile anaanzia pale."

"Sasa si uwaambie ni wewe!"

"Nikiwaambia, lazima nitoe cheti kinachoonyesha jina la zamani, nieleze lilitoka wapi." Alikuwa akitazama mikono yake. "Uliniambia nisiseme, yaya. Nisingekuingiza matatani kwa ajili ya kazi."

Sombe ikashika chini, nikaisikia harufu, nisiinuke. Makala yake bora alikuwa ameiacha yatima ili mimi nisiguswe.

Jumanne niliomba ruhusa jikoni kwenye shule ninakofanya kazi, nikavaa gauni la kanisani, tukaenda wote wawili ofisi ya usajili. Sikumwacha aseme yeye. Nilimweleza karani kila kitu kwa Kiswidi changu cha jikoni, jinsi nilivyojibu siku ile na kwa nini. Alikuwa msichana mdogo tu. Alisikiliza, akatazama kioo cha kompyuta, akauliza:

"Nyinyi ni ndugu au si ndugu?"

"Ni ndugu. Baba mmoja, mama mmoja."

"Basi. Mabadiliko ya jina yapo hapa. Mnataka cheti kimoja au viwili?"

Nje nikakaa kwenye ngazi. Mdogo wangu akakaa kando yangu, akanishika mkono.

"Mais, lakini yaya, wewe! Miaka yote hii umenitisha kwa kitu cha kupanga foleni dakika kumi?"

"Nyamaza, nisije nikakupiga mbele ya Waswidi."

Wiki ile akaziunganisha kazi zake zote kwenye hesabu moja. Nikamwambia aombe kila moja iandikwe jina la baba, mambo yawe safi. Akakataa. Alisema ile ya kwanza itabaki ilivyo, kwa sababu ndivyo alivyoitwa alipoifanya.

Alinipigia simu kabla ya likizo ya kiangazi, saa ya chakula, nikiwagawia watoto viazi. "Yaya, nimeipata." Nilimwekea mtoto mmoja viazi hadi sahani ikafurika, akanitazama tu kwa mshangao.

Alipohamia chumba chake kipya cha kazi alikuja kuomba ule ukurasa wa kwenye friji, autundike ukutani. Nilimwambia akatoe kopi, aniletee wangu. Aliurudisha jioni ileile.