Flashi Ndani ya Kikapu cha Kahawa

Kompyuta yangu ina mlio wake wa kupokea mgeni. Ukichomeka flashi inalia kidogo, sauti ya chini kisha ya juu, halafu dirisha linafunguka. Wiki ile ya mvua nilichomeka flashi ya mama, nikasubiri mlio, na mlio haukuja. Hata kitaa chake chekundu hakikuwaka. Nje ukungu ulikuwa umeshuka juu ya migomba ya Kitendaguro, hapa Bukoba, mpaka nyumba ya jirani ikawa kama haijawahi kujengwa, na mimi nimekaa mezani nakitumbulia macho kidude chenye ukubwa wa kidole gumba.

Ndani ya kidude hicho alikuwamo baba. Siku ya harusi yangu alisimama mbele ya wakwe, mkuki mkononi, akajitapa kwa namna wanaume wa Kihaya wanavyojitapa mbele ya watu, jambo tunaloliita kwebuga. Anasema yeye ni nani, kazaliwa na nani, kapita wapi na kafanya nini, sauti inapanda, mkuki unatikisika, na watu wanamwitikia. Mkuki ulikuwa wa kuazima. Nusu ya ushujaa alioutaja nao ulikuwa wa kuazima, lakini sauti ilikuwa yake, nzito, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa kila sentensi.

Mume wangu aliichomoa sauti ile kutoka kwenye video ya harusi, akaiweka kwenye flashi pamoja na video yenyewe, tukampelekea mama kule Muleba pamoja na redio ndogo yenye tundu la kuchomekea. Baba mwenyewe alikuwa akijisikiliza na kujisifu upya. Alipofariki tukamzika kibanjani, kati ya migomba aliyoipanda, na redio ikaendelea kuitoa sauti yake. Laptop iliyokuwa na nakala ilikuwa imeshakufa kifo chake, kwa hiyo baba alibaki pale tu.

Kisha redio ikagoma. Mama alinipigia simu akaniambia ameipumzisha flashi kwanza, maana huenda imechoka, imeongea sana. Nilicheka. Hakucheka.

"Mwana wange," akasema, "nikimkumbuka baba yako anaongea, siku hizi anaongea kwa sauti yangu. Maneno ni yake, sauti ni yangu. Yake imekwenda wapi?"

Nilimwambia ampe flashi kondakta wa gari la Bukoba, nitaishughulikia. Baada ya kukata simu nilijaribu mwenyewe kumsikia baba kichwani, nikamsikia mama akimwigiza.

Mimi nafundisha jiografia na sina subira, wanafunzi wangu watakwambia. Nilianza kwa kuigombeza ile flashi. Nikaichomoa, nikaichomeka tundu la pili. Kimya. Nikaizima kompyuta, nikaiwasha, nikachomeka tena. Kimya. Nikaingia kule ndani ambako kompyuta huorodhesha vifaa ilivyounganishwa navyo, nikakiona kipanya, nikaiona kamera, flashi hakuna. Wakati mwingine kompyuta huiona flashi lakini ikasahau kuipa herufi yake ya kuitambulisha, na ukiipa herufi inajitokeza. Nilienda kutazama huko nako, sikukuta kitu cha kupewa herufi. Nilijaribu redio yetu ya jikoni, nikajaribu na televisheni. Televisheni iliniandikia kwamba hakuna kifaa, kwa adabu zote, nikaizima kwa hasira.

Mvua iliendelea. Ile mvua ya kwetu isiyo na haraka, inayoanza kabla hujaamka na mchana bado inanyesha, mpaka unashindwa kujua kama ni saa nne au saa tisa. Nililala kidogo kwenye kochi, flashi iko kiganjani. Niliota niko kibanjani na baba anaongea upande wa pili wa migomba, karibu kabisa, naona majani yanavyotikisika anapopita, lakini kinachonifikia ni matone tu. Nilimwita, nikaamka nikiwa nimeita kweli. Nilijisikia vibaya siku nzima.

Kesho yake nilishuka mjini kwa mama mmoja mwenye steshenari karibu na soko. Ni mama wa Kiislamu, mzaliwa wa hapa ingawa babu yake alitoka pwani, na mashine zake za kutoa kopi huzitunza kama wengine wanavyotunza ng'ombe. Kompyuta yake ni ile ya zamani ya mezani, yenye matundu nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Umelowa! Leta hicho ulichokifumbata."

Aliinama nyuma ya mashine akaichomeka huko, akaisukuma kidogo kwa kidole. Mlio ukaja. Nusura nimkumbatie. Halafu kikaja kisanduku kwenye kioo: kompyuta inasema haiwezi kuisoma flashi, inaomba ruhusa ya kuifomati, ndiyo au hapana.

Nilikuwa nimeshainua mkono. Mtu akishachoka, "ndiyo" huonekana kama mlango. Mama wa steshenari akaushika mkono wangu.

"Ngoja. Humu mna nini?"

"Sauti ya marehemu baba."

"Basi usimpe huyu kompyuta ruhusa. Ukisema ndiyo, anaisafisha yote ianze upya kama imetoka dukani. Huyu hana ubaya, ila hajui anachokifuta." Akaichomoa taratibu, akaiinua kwenye mwanga wa mlangoni. Akakunja pua. "Mwalimu, mbona hii inanukia kahawa?"

Niliinusa. Ilikuwa kweli. Kahawa, moshi, na ile harufu ya majani ambayo sikuwa nimeinusa tangu mara ya mwisho niende nyumbani. Nilisimama pale dukani watu wakinipita na karatasi zao, mimi nimeweka flashi puani kama mgonjwa wa mafua, na ghafla nikajua mama alikuwa akiiweka wapi. Nilicheka peke yangu mpaka yule mama akaniuliza kama niko salama.

Jumamosi nilichukua laptop, kichupa cha spiriti, pamba na mswaki mpya, nikapanda gari la Muleba. Ningeweza kuisafishia kwangu. Lakini nilitaka, kama itafunguka, ifunguke mbele ya mama mwenyewe. Na kama haitafunguka, hilo si jambo la kumwambia mtu kwa simu. Tulipopita Kemondo ziwa lilionekana kidogo, rangi moja na mbingu, kisha ukungu ukalifunika. Nilikuwa na hofu, sikuificha hata kwa nafsi yangu.

Mama alinipokea mlangoni. Nilipiga magoti nikamwamkia kwa heshima, "Kaboneka waitu," akanishika mabega akaniinua, akaniketisha. Halafu, kabla hajaniuliza habari za safari, akafanya kile anachomfanyia kila anayeingia nyumba ile: akaniletea kikapu kidogo chenye kifuniko, tunachokiita akaibo, na ndani yake kahawa ya kutafuna. Kahawa ambayo huchemshwa mbichi na majani ya harufu, ikaanikwa, ikakaushwa kwa moshi. Mgeni huchukua punje chache, akatafuna, ndipo maneno yanaanza.

"Mama," nikamwambia, "flashi ulikuwa unaiweka humu?"

"Ego, ndiyo. Ningeiweka wapi?" Alinishangaa kweli. "Kahawa ni ya abagenyi, ya wageni, na baba yako ni wa abagenyi. Mtu akija nampa kahawa, anatafuna, namchomekea mzee anamsikiliza. Vyote viko pamoja, sihangaiki kutafuta."

"Na ulipoipumzisha?"

"Niliipumzisha humu humu. Nikaifukia chini kabisa, isipate baridi."

Nilitaka kumfundisha. Ualimu ni ugonjwa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nieleze unyevu na chuma, halafu nikatazama kile kikapu, nikaona kwamba hakuna mahali pa heshima zaidi katika nyumba ile ambapo angeweza kumweka. Ni kwamba mvua ilikuwa nyingi mwaka ule, kahawa haikukauka sawasawa, na utomvu wake ulikuwa umegandia kwenye meno ya shaba ya flashi, mweusi, mwembamba. Nilitafuna kahawa yangu.

Tulikaa kizingitini penye mwanga. Nililowanisha pamba kwa spiriti nikapitisha ndani ya mdomo wa flashi, pamba ikatoka ya kahawia. Nikapitisha nyingine. Mama alikuwa akinipa pamba moja moja, na harufu ya spiriti ikachanganyika na ya moshi wa jikoni. Mswaki ulifika kwenye pembe. Shaba ikaanza kuonekana, ya manjano, safi. Nikaiacha juani ikauke, maana jua lilikuwa limejitokeza, jembamba, la kubahatisha, na tukaingoja kama watu wanaongoja maji yachemke. Migomba ilikuwa inadondosha matone ya asubuhi. Sikumbuki tuliongea nini.

Nilipoichomeka, mlio ulikuja na kitaa kikawaka. Kisha kikaja kisanduku kingine, hiki kinauliza kama nataka ikaguliwe na kurekebishwa. Nilikisoma neno kwa neno nihakikishe hakisemi kufomati, ndipo nikakubali. Mstari wa kijani ulitambaa polepole sana. Mama alitambaa nao kwa macho.

Dirisha likafunguka. Mafaili yalikuwa mawili, ya sauti na ya video. Kabla ya jambo lolote nikayanakili yote kwenye laptop, kisha kwenye simu yangu. Ndipo nikabonyeza.

Sauti ya baba ikajaa nyumba nzima. Mama alishika goti langu kwa nguvu mpaka likaniuma. Baba akajitaja, akamtaja baba yake, akataja vilima alivyovuka, akafika kwenye chui aliyemchoma mkuki peke yake gizani.

"Chui gani!" mama akasema, huku machozi yanamtoka. "Alikuwa paka wa shemeji yangu, na wala hakumpata."

Tulicheka sana. Nilifikiri safari yangu imekwisha hapo, nimemrudishia alichokuwa anakitafuta. Lakini video ilikuwepo bado, ile ambayo redio isingeweza kuionyesha na ambayo sisi hatukuwahi kuitazama mpaka mwisho, maana nani atatazama saa nzima ya watu wakila pilau kwenye harusi yake? Mama akataka kuiona. Nikaipeleka mbele, nikaipita sherehe, nikafika mahali ambapo mpiga picha aliisahau kamera juu ya meza, inaona viatu na pindo za nguo tu. Watu wanapita, sahani zinagongana. Nilikuwa naelekea kuifunga.

Hapo pakapita suruali ya baba. Ikasimama. Na ile sauti, si ya mkuki sasa, ile ya chini ya jikoni, ya kila siku, ikamuuliza mtu tusiyemwona, kwa Kihaya: "Huyu mke wangu amekula? Tangu alfajiri hajakaa chini." Kisha ikamwita mama mwenyewe: "Mama watoto, umekula lakini?"

Kwenye video hakuna aliyemjibu. Muziki uliongezwa pale pale, na suruali ikaondoka.

Mama alikuwa amesogeza uso karibu na kioo. Alikaa sawa, akaweka kitenge chake vizuri mabegani kama mtu aliyeitwa.

"Ego, waitu," akasema. "Nimekula."

Kisha akanigusa mkono. "Mrudishe nyuma," akaniambia, "aniulize tena."